Kufunga geji za ziada kwenye gari la zamani la Nyanda za Juu Kusini

Dereva anayeacha joto la Ruaha Mbuyuni na kuanza kupanda mlima wa Kitonga akiwa na mzigo huitazama geji ya joto kuliko kitu kingine chochote kwenye dashibodi, na mara nyingi geji hiyo humficha mengi. Katika magari mengi ya Kijapani ya miaka ya 1990, mshale umetengenezwa ukae katikati bila kutikisika hata joto la maji likipanda na kushuka kwa nyuzi kadhaa, ili mwenye gari asiingiwe na hofu bure. Unapoanza kuondoka katikati, hali huwa imeshaharibika. Taa ya oili ni mbaya zaidi, kwa sababu huwaka presha ikiwa imekaribia kwisha kabisa, wakati ambapo vyuma vya ndani vimeanza kusagana. Geji za ziada zenye namba huziba pengo hilo, na mtu mwenye subira na spana za kawaida anaweza kuzifunga mwenyewe kwa siku moja.

Geji zinazostahili gharama ni tatu: ya joto la maji, ya presha ya oili na ya volti. Injini yenye tabo inaweza kuongezewa ya presha ya tabo. Zaidi ya hapo, kwa maoni yangu, ni mapambo.

Kabla ya kununua, pima volti za mfumo mzima wa umeme wa gari, si za betri moja tu. Baadhi ya Land Cruiser za dizeli zilizotoka Japani hutumia volti 24, na geji ya volti 12 ikiunganishwa huko itaungua. Nunua geji pamoja na sensa yake, yaani kifaa kinachofungwa kwenye injini na kupeleka kipimo kwenye geji, kwa kuwa sensa za watengenezaji tofauti hazisomeki sawa: sensa ya presha ya kampuni ya VDO kwa kawaida hutoka ohmu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 10 hadi 180 presha inapopanda, ilhali zile za Kimarekani huenda kinyume, kutoka 240 kushuka hadi 33. Ukichanganya, mshale utakuonyesha presha nzuri wakati injini imezimwa. Angalia pia hesi za sensa, yaani mikato ya mzunguko inayoiwezesha kukazwa kama skrubu. Toyota nyingi hutumia hesi za Kiingereza za inchi 1/8, zenye mizunguko 28 kwa inchi, na sensa nyingi za Kimarekani zina mizunguko 27. Zinafanana kwa macho, na ya pili huingia mizunguko miwili mitatu kabla ya kukwama. Anayeilazimisha kwa spana huharibu tundu la bloku ya injini, ambalo kulitengeneza ni gharama kubwa kuliko geji zote tatu.

Geji ya joto ijaribiwe jikoni kwanza. Unganisha geji na betri na sensa, funga waya wa athi (unaorudi kwenye upande hasi wa betri) kwenye mwili wa sensa, kisha tumbukiza ncha yake katika maji yanayochemka. Hapa ndipo wengi hurudisha geji nzima dukani wakidai ni mbovu, kwa sababu wanatarajia kuona 100. Mji wa Mbeya uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huko maji ya sufuria huchemka karibu na nyuzi joto 94. Iringa ni karibu 95, na Njombe karibu 93. Geji inayosoma 100 kwenye sufuria ya Mbeya ndiyo inayodanganya.

Jambo hilohilo linaeleza kwa nini mfuniko wa rejeta una umuhimu zaidi huku kwetu kuliko Dar es Salaam. Mfuniko mzima wa bar 0.9 hubana maji hadi yaweze kufika karibu nyuzi 115 bila kuchemka, lakini spring yake ikilegea, maji ya Mbeya huchemka kwenye joto ambalo injini nyingi hulihesabu kuwa la kawaida. Badilisha mfuniko uliochakaa kabla ya kufunga geji, la sivyo utahangaika kutafuta ugonjwa ambao haupo.

Mahali pazuri pa sensa ya joto ni kwenye hedi (kichwa cha injini), kabla ya themostati, yaani vali inayofungulia maji njia ya rejeta yakipata moto, ambapo maji ya moto hupita wakati wote. Kama hakuna tundu la ziada, kuna kiungo cha chuma kinachopachikwa katikati ya hozi ya juu ya rejeta. Kiungo hicho kinafaa, ila kina kasoro mbili: hakisomi kitu cha maana hadi themostati ifunguke, na kwa kuwa kimezungukwa na mpira, lazima kifungiwe waya wake wa athi hadi kwenye bodi. Maji yatolewe injini ikiwa imepoa kabisa, na baada ya kazi ujaze kulanti (maji ya kupoza injini) taratibu na kutoa hewa. Sensa iliyobaki kwenye hewa haigusi maji, nayo inaweza kuonyesha joto la chini wakati hedi inaungua.

Kwa presha ya oili, usiondoe sensa ya taa ya kiwandani. Funga tii (kiungo chenye midomo mitatu), sensa mpya upande mmoja na ya zamani upande mwingine, ili taa ibaki kuwa mlinzi wa pili. Mimi huchagua geji ya umeme. Ile ya mrija huleta oili ya moto yenye presha hadi ndani ya chumba cha dereva, na mrija wa nailoni ukipasuka, oili hiyo huishia miguuni. Tepu nyeupe ya mabomba itumike kidogo tu, na hesi mbili za mwanzo ziachwe wazi. Niliwahi kumlipa fundi aliyeizungusha kwa ukarimu mno, na mshale haukutikisika wiki nzima, kumbe sensa ilikosa athi kupitia bloku. Tulipopunguza tepu, ukapanda.

Sasa waya. Toa kwanza taminali hasi ya betri. Umeme wa geji uchukuliwe kwenye waya unaowaka ufunguo ukiwa ON na unaobaki hai wakati wa kupiga stata, upitie fyuzi ya ampea 3 au 5 iliyo karibu na chanzo. Taa za geji ziunganishwe na waya wa taa ndogo. Waya zinazotoka kwenye injini zipite kwenye tundu lenye raba katika ukuta wa bati unaotenganisha injini na chumba cha dereva, kwa sababu bati tupu hukata ganda la waya polepole, na shoti ya barabara mbovu huja miezi baadaye. Waya wowote wenye soketi ya manjano karibu na usukani usiguswe, maana huo kwa kawaida ni wa mfuko wa hewa. Kwa sababu hiyo hiyo, usitoboe nguzo ya kioo cha mbele kabla ya kujua kama kuna mfuko ndani yake.

Geji nyingi zina kipenyo cha milimita 52, na kibati cha matundu matatu chini ya dashibodi huzitosha. Keti kwenye kiti, shika usukani kama unavyoushika ukipanda Iwambi, ndipo uamue zikae wapi. Nyingi hufungwa mahali ambapo mkono wa dereva huzifunika.

Washa injini. Kwa gari la volti 12, volti zinapaswa kuwa kati ya 13.8 na 14.4 hivi injini ikinguruma, na takriban 12.6 ikiwa imezimwa na betri imejaa. Asubuhi ya baridi ya Julai, presha ya oili itaanza juu kisha ishuke kadiri oili inavyopata moto, na hilo si tatizo. Endesha nusu saa, panda mlima mmoja, na uandike namba za joto na presha ukiwa silensa (injini inanguruma, gari limesimama) na ukiwa kwenye mwendo. Hizo ndizo namba za gari lako, zilinganishe na kitabu cha matengenezo. Baada ya wiki moja fungua boneti, pangusa tii na kiungo cha hozi kwa kitambaa kikavu, na popote kitambaa kitakaporudi na oili au kulanti, fungua, safisha na ukaze upya.