Kuratibu watu wa kujitolea mtaani: hatua ninazofuata Temeke

Mara ya kwanza nilipopewa kuratibu watu wa kujitolea katika kata moja ya Temeke, waliojiandikisha walikuwa 41. Wiki ya sita nilibaki na 9. Niliwalaumu, nikasema watu wa Dar hawana moyo. Kisha nikamfuata mmoja nyumbani kwake, mama anayekaanga mihogo karibu na geti la shule ya msingi. Akanijibu kwa upole: "Mwanangu, vikao vyako vinaanza saa tatu asubuhi. Saa nne watoto wanatoka mapumziko. Nikikaa kwako, jioni tunakula nini?"

Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo kila ninachopanga huanzia hapo: anayejitolea katika mpango wa kupunguza umaskini mjini mara nyingi ni maskini naye, na saa yake moja ina bei.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya saa kabla ya kuita mtu

Usianze kwa kutangaza "tunahitaji watu wa kujitolea". Anza na kalamu. Kwenda kwenye kaya, kusalimia, kusikiliza na kuandika huchukua kama dakika 25 ukijumlisha kutembea uchochoroni na kumsubiri mwenyeji amalize kufua. Kaya 20 ni dakika 500, yaani saa 8 na dakika 20. Mtu anayeweza kutoa saa mbili kwa wiki atazimaliza kaya hizo kwa mwezi. Kwa hiyo kama una kaya 600, unahitaji watu 30, na kwa kuwa watatembea wawili wawili (Hatua ya 3), watazimaliza kwa miezi miwili. Ongeza sita, kwa sababu wapo watakaopata kibarua, watakaojifungua, na watakaohama kwa kuwa kodi imepanda.

Hesabu hiyo iandike kwenye karatasi moja ya kumpa kila anayeuliza: kaya ngapi, saa ngapi, siku zipi, kwa miezi mingapi. Mtu akijua mwisho wa kazi ni lini, anaweza kuahidi kwa ukweli.

Hatua ya 2: Pita ofisi zote, kwa mpangilio wake

Barua ya utambulisho itoke halmashauri, ipite kwa mtendaji wa kata na afisa maendeleo ya jamii, ifike kwa mtendaji wa mtaa na mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Ukiruka mmoja, watu wako watasimamishwa mlangoni na kuulizwa wametumwa na nani.

Halafu kuna mjumbe wa shina, ambaye wengi bado wanamwita mjumbe wa nyumba kumi. Huyu anajua nani amelala njaa jana. Muheshimu na umwulize. Lakini kumbuka ni kiongozi wa chama, si wa serikali. Mpango wako ukionekana unatembea mfukoni mwake, kaya zisizo za chama chake zitajificha, na hata za chama chake zitadhani ni zawadi. Mimi humwomba anioneshe mipaka na njia, ila orodha ya majina haitoki kwake peke yake. Na ukikaribia uchaguzi wa serikali za mitaa, kama ule wa Novemba 2024, acha kuandikisha watu wapya mpaka upite. Mtu wako aliyechukua fomu ya kugombea mshukuru, kisha akabidhi daftari.

Hatua ya 3: Wapange wawili wawili, na wapangaji wawemo

Hapa usiharakishe, maana hapa ndipo mipango mingi ya mjini inapowapoteza maskini wenyewe.

Mkutano wa mtaa huhudhuriwa zaidi na wenye nyumba. Mpangaji wa chumba kimoja ametoka alfajiri: mmoja anabeba mizigo Kariakoo, mwingine anachuuza maji stendi, mwingine yuko jikoni kwa mama lishe. Mwenyekiti hamjui kwa jina, na baada ya miezi minne huenda amehamia mtaa mwingine. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ulioanza mwaka 2012 chini ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), huanza kwa jamii kutaja kaya kwenye mkutano. Kijijini njia hiyo ina nguvu, kwa sababu watu wanajuana hadi mashamba yao. Uswahilini, penye familia sita chini ya paa moja, anayetajwa ni anayejulikana.

Kwa hiyo nusu ya watu wangu lazima wawe wapangaji. Siwatafuti kwenye mkutano. Nawatafuta bombani, gengeni, kijiweni kwa bodaboda, kwa fundi cherehani. Fundi cherehani hasa: anakaa barazani siku nzima na anaona kila anayepita.

Kisha nawaunganisha wawili wawili, mtu mzima na kijana. Mlango humfungukia mama, kijana hujaza fomu. Mmoja awe wa eneo lile, mwenzake atoke shina jingine. Wa eneo lile anajua wapi pana mgonjwa ndani. Yule wa mbali anazuia shemeji na marafiki wasijaze orodha. Nilipowaacha watu waende peke yao kwenye mashina yao, nilipata orodha nzuri sana ya jamaa zao. Sikuwakasirikia. Mtu gani angemwacha dada yake?

Hatua ya 4: Lipa gharama yao kabla hawajatoka

Kujitolea ni kutoa muda, si kutoa nauli. Nauli ya daladala, bando na maji ya kunywa vitoke kwako, siku ile ile, kabla ya kazi. Kila mtu asaini, na kiwango kibandikwe ukutani ili pasiwe na minong'ono. Masika nunua buti. Watu wetu wanavuka mitaro inayofurika, na hakuna fomu yenye thamani ya mguu wa mtu.

Kuna swali la posho. Taasisi mbili zikifanya kazi kata moja, moja ikitoa 5,000 na nyingine 10,000, utapoteza watu na utapoteza amani. Nenda kwa mtendaji wa kata, kaeni wote, mkubaliane kiwango kimoja. Na kazi ikizidi saa chache kwa wiki, usiendelee kuiita ya kujitolea. Kenya walikuwa na maelfu ya wahudumu wa kujitolea wa afya ya jamii waliotembea miaka mingi kwa posho ya kubahatisha. Septemba 2023 serikali ilizindua upya zaidi ya 100,000 kati yao, kwa makubaliano ya shilingi 5,000 za Kenya kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kaunti. Bado si mshahara, lakini muda wao ulitambuliwa kuwa na bei.

Hatua ya 5: Fundisha mlangoni, si ukumbini

Nusu siku inatosha. Eleza mpango kwa saa moja, kisha toka nao. Wafanye mazoezi kwenye nyumba tatu za jirani, wewe ukisimama nyuma.

Sentensi moja waikariri: "Mimi naandika, sichagui." Kijana wangu mmoja alimwonea huruma bibi anayelea wajukuu wanne, akamwambia, "Bibi, wewe utapata." Jina halikupita. Bibi alikuja ofisini mara tatu akiwa na mkoba wake, kila mara amevaa kitenge kilekile kisafi. Ahadi ya mtu wako ni ahadi yako, na anayeibeba ni maskini.

Fundisha pia siri za watu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kwa lugha ya mtaani maana yake ni hii: picha ya fomu au namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) haiendi kwenye kundi la WhatsApp, ugonjwa wa mtu hauandikwi pembeni ya jina lake, na yanayosikiwa ndani ya chumba hayafiki bombani. Anayekiuka namwondoa, hata kama ni hodari. Hilo sina majadiliano nalo.

Hatua ya 6: Daftari la safu tatu

Kila jozi ina daftari. Safu ya kwanza: tumeona nini. Ya pili: tumempeleka wapi. Ya tatu: amejibiwa nini.

Safu ya tatu ndiyo kazi yenyewe. Kuandika shida ni rahisi. Mitaa yetu imeandikwa sana. Mzee asiyejiweza wa miaka zaidi ya 60 ana haki ya matibabu bila malipo, lakini anahitaji kitambulisho: je, amekipata? Kikundi cha kina mama kiliomba mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ambapo nne ni za wanawake, nne za vijana na mbili za watu wenye ulemavu: je, wamejibiwa? Mikopo hiyo iliposimamishwa mwaka 2023, vikundi vingi viliendelea kulipa nauli kufuatilia dirisha lililofungwa, kwa sababu hakuna aliyerudi kuwaambia. Ilirejea mwaka uliofuata. "Bado" ni jibu pia, likifika mapema.

Kikao kiwe kimoja kwa wiki, dakika 30, kwa saa waliyoichagua wao. Kwangu ni Jumamosi saa kumi na moja jioni: mama lishe ameshaosha masufuria, na hatugusi Ijumaa wala Jumapili. Kila jozi isome mistari ambayo safu ya tatu iko tupu, na wewe mratibu uchukue hiyo mistari kwenda nayo ofisini Jumatatu. Wenye vitochi, yaani simu ndogo zisizo na WhatsApp, watumie ujumbe wa kawaida. Kundi la WhatsApp liwe la matangazo tu.

Mtu akikosa vikao viwili, usimfute. Nenda kwake. Mara nyingi utakuta mgonjwa, na mara moja moja utakuta kaya inayopaswa kuingia kwenye daftari.

Hatua ya 7: Makabidhiano

Muda wao ukiisha, waachie waende bila kuwashika kwa aibu. Mpe kila mmoja barua yenye saini ya mtendaji inayotaja alichofanya na kwa muda gani. Vijana wangu wawili walipata kazi wakiwa nayo mkononi.

Daftari lisikabidhiwe mezani. Jozi inayoondoka na jozi inayoingia zitembee pamoja, kaya kwa kaya. Mama anayeondoka abishe hodi mwenyewe, aseme, "Huyu ndiye atakayekuja badala yangu," na angoje mpaka mwenye nyumba amsalimie mgeni kwa jina.