SOMO: Kutengeneza mchezo wa kikapu wa kugusa mara moja kwa Scratch (soma lote kabla hujauliza)

Kila wiki swali ni lile lile: "Ule mchezo wa mpira wa kikapu wa kugusa kioo tu, unatengenezwaje?" Nimechoka kujibu vipande vipande. Haya yote hapa, kwa Scratch, programu ya bure ya kutengeneza michezo kwa kupanga bloku. Ukiuliza lililokwisha andikwa, jibu langu litakuwa namba ya hatua, basi.

Kwanza ujue unachotengeneza. Mpira unakaa upande wa kushoto, vikapu vinatoka kulia vikija. Ukigusa, mpira unaruka, usipogusa, unaanguka. Lazima uingie kwenye mdomo wa kikapu kutokea juu. Ukikosa kimoja, kwisha. Ni ukoo mmoja na Flappy Bird ya Dong Nguyen wa Vietnam, ya 2013, aliyoiondoa mwenyewe Februari 2014.

Utamu wake hauko kwenye picha. Uko kwenye namba. Mchezaji anapewa nafasi inayokaribiana na muda ambao jicho na kidole huhitaji kuitikiana, kama robo sekunde. Hawezi kungoja aone ndipo aguse, lazima akadirie mapema. Akikosa anajua ni yeye aliyekosa, si mchezo, na hapo ndipo anaporudia. Kwa hiyo namba zangu msizichezee kabla mchezo haujafanya kazi. Ni za jukwaa la Scratch, yaani uwanja wa mchezo, hatua 480 kwa 360 (hatua hapa ni kipimo cha umbali), fremu, yaani picha, 30 kwa sekunde.

Hatua 1. Scratch ya kompyuta. Ile ya kupakua haihitaji intaneti.

Hatua 2. Futa paka anayekuja na Scratch.

Hatua 3. Chora mpira wa kipenyo 40 na kikapu chenye mdomo wa upana 76. Mpira halisi una kipenyo cha kama sentimita 24 na ringi kama 45, yaani karibu mara 1.9, na uwiano huo macho ya watu yameuzoea. Kitovu cha picha ya kikapu kiweke katikati ya mdomo, si katikati ya wavu.

Hatua 4. Tengeneza vigeu, yaani visanduku vya kuwekea namba: Kasi, YaZamani, Alama, Mfululizo na Hai, vyote kwa wahusika wote, yaani mpira na kikapu. Hai ikiwa 1 mchezo unaendelea, ikiwa 0 umekwisha. Kisha kimoja kiitwe Imepita, kwa ajili ya kikapu PEKE YAKE. Imepita ukiifanya ya wote, kikapu kimoja kikifungwa vyote vinajiona vimefungwa.

Hatua 5. Mpira unapopokea ujumbe "mwanzo": x -80, y 60, Kasi 0. Halafu kitanzi kinachoendelea maadamu Hai ni 1, kwa mpangilio huu huu: YaZamani ichukue y ya sasa; badilisha Kasi kwa -1; Kasi ikipungua chini ya -12 irudishe -12; badilisha y kwa Kasi. y ikizidi 160 irudishe 160. Ikishuka chini ya -160, Hai iwe 0.

Hatua 6. Kugusa. Hapa ndipo wengi wanapozama, basi taratibu. Mtu huandika "kama kidole kimebonyeza, weka Kasi iwe 10" ndani ya kitanzi cha Hatua 5 (kwenye Scratch ni bloku ya kipanya kubonyezwa). Kidole cha binadamu kinakaa kwenye kioo fremu kadhaa, na kila fremu Kasi inarudi 10, kwa hiyo mpira unapaa mpaka dari na kuganda huko. Akishtuka, anaongeza "subiri hadi kidole kiachie" mle mle kwenye kitanzi. Sasa kila akigusa mpira unasimama hewani, kwa sababu kitanzi chote kinamngoja kidole. Dawa ni mlolongo wa PILI wa bloku, kando kabisa, kwenye mpira huo huo: daima, kama kidole kimebonyeza, weka Kasi iwe 10, kisha subiri hadi kiachie. Huu unangoja peke yake na ule wa kuanguka unaendelea na kazi yake. Onyo: ni WEKA, si BADILISHA. Onyo la pili: usitumie tukio la "mhusika huyu akibonyezwa", kwa sababu mchezaji atalazimika kuugusa mpira wenyewe, na kidole chake kitauficha.

Ukipatia, kila mguso unapandisha mpira hatua 45, na ukiuacha unarudi pale pale baada ya fremu 19. Pima. Ikiwa si 45, umegeuza mpangilio wa Hatua 5.

Hatua 7. Vikapu. Nakala zitolewe na JUKWAA, si na kikapu chenyewe. Nakala za Scratch husikia ujumbe kama mhusika wa asili, kwa hiyo kikapu kikipokea "mwanzo" na kuanza kuzaa, watoto nao watazaa, na kompyuta itakuangukia. Jukwaa likipokea "mwanzo": subiri sekunde 1, kisha daima tengeneza nakala ya kikapu, subiri sekunde 2. Nakala ikianza: Imepita 0, x 240, y ya bahati nasibu kati ya -90 na 40, jionyeshe, na maadamu Hai ni 1 badilisha x kwa -4. Ikishuka chini ya -230 ijifute. Kikapu chochote kikipokea "mwanzo", kijifute. Wa asili hatadhurika.

Alama, ndani ya kitanzi hicho cha nakala: ikiwa Imepita ni 0, YaZamani haiko chini ya y ya kikapu, y ya mpira iko chini yake, na umbali wa x kati yao hauzidi 30, bao. Imepita iwe 1. Umbali usipozidi 18, mpira haukugusa ukingo, ni bao safi: Mfululizo uongezeke 1, kisha Alama iongezeke kwa Mfululizo na 1 juu yake. Ukizidi 18, Alama 1 tu na Mfululizo unarudi 0. Kikapu kikifika chini ya x -110 na Imepita bado 0, Hai inakuwa 0.

Msihangaike kutengeneza mdundo wa ukingoni. Hesabu ya umbali inatosha, hakuna atakayejua. Angalieni namba hii badala yake: nafasi ya bao safi ni hatua 36, kikapu kinakwenda 4 kwa fremu, basi fremu 9, sekunde 0.3. Mchezo wote uko humo.

Hatua 8. Kuanza tena. Mlolongo mwingine wa jukwaa: bendera ya kijani (ya kuanzishia) ikibonyezwa, daima: Hai iwe 1, Alama 0, Mfululizo 0, tangaza "mwanzo", subiri hadi Hai ni 0, subiri sekunde 0.5. Usiweke ukurasa wa "Jaribu tena?" Mtu aliyekosa ana hasira ya kurudia, ukimwekea mlango, anatoka.

Hatua 9. Simuni: ishiriki kwenye tovuti ya Scratch, fungua kiungo kwa kivinjari. Mguso unahesabiwa kama kipanya.

MASWALI

Kijana wa Maweni: Mwalimu mpira wangu unapaa tu hauteremki nisaidie haraka

Mwandishi: Hatua 6.

Kijana wa Maweni: Nimesoma lakini

Mwandishi: Hujasoma. "Unapaa mpaka dari" imeandikwa pale neno kwa neno.

Simba wa Muyeye: Si utume faili tu tumalize?

Mwandishi: Situmi.

Binti Langoni: Shikamoo mwalimu. Nimefuata, unafanya kazi hapa Lamu kwenye kompyuta ya kaka. Swali: kwa nini "weka 10" na si "badilisha kwa 10"? Nimejaribu zote, ya pili mpira unakuwa kama mlevi.

Mwandishi: Marahaba mwanangu, swali zuri. Chukua mpira unaoanguka kwa Kasi -12. Ukiongeza 10 unabaki -2, yaani umegusa na bado unashuka. Sasa chukua unaopanda kwa 9: ukiongeza 10 ni 19, unaruka hadi dari. Mguso mmoja, matokeo mawili, kidole hakiwezi kujifunza kitu. Ukiweka 10, kila mguso ni hatua 45 zile zile popote mpira ulipo. Baada ya dakika chache mkono unazijua bila kuhesabu. Jaribu pia 9: sasa ni hatua 36, na utaona mchezo umekuwa wa kugusagusa zaidi.

Binti Langoni: Ahsante. Na mpira ukipita kwenye mdomo kutokea chini? Haufungi, lakini haupendezi.

Mwandishi: Ongeza sharti la kinyume kwenye kikapu: YaZamani chini ya y yake, y ya mpira juu au sawa, umbali hauzidi 30, Imepita 0, basi Hai 0. Sharti la Imepita usilisahau, la sivyo aliyekwisha funga ataadhibiwa akipanda tena.

Baharia: Sekunde 0.3 ni ukatili, ndugu yangu. Watoto wangu wanakosa kikapu cha kwanza.

Mwandishi: 0.3 ni ya bao safi. Bao la kawaida ni hatua 60, nusu sekunde. Soma tena.

Baharia: Hata hiyo ngumu.

Mwandishi: Haya. Kikapu kiende -3 badala ya -4. Bao safi linakuwa fremu 12, sekunde 0.4. Usipanue mdomo, utaharibu sura.

Kaka Barani: Nimeupitisha TurboWarp, programu ya kuendeshea na kugeuza kazi za Scratch, ili niwape watu faili moja la HTML bila intaneti. Mpira unakwenda kasi mara mbili. Nimekosea wapi?

Mwandishi: Hujakosea, umewasha fremu 60, na namba zangu ni za kila fremu. Rudisha 30, au ukitaka ulaini wa 60: Kasi ya mguso 5, uzito (ile -1 ya Hatua 5) -0.25, kikomo (ile -12) -6, kikapu -2. Uzito unagawanywa kwa NNE, si mbili. Hapo ndipo watu huteleza. Mruko utakuwa 47.5 badala ya 45, hutauhisi.

Binti Langoni: Nimebadilisha mpira kuwa nazi na kikapu kuwa pakacha. Nyuma nimechora jahazi.

Mwandishi: Maashallah. Nazi ibaki 40, na pakacha mdomo 76 hata kama tumbo ni pana. Jahazi lipake rangi hafifu. Tanga jeupe likipita nyuma ya nazi jicho linapoteza.

Simba wa Muyeye: Kwangu simu inahesabu miguso miwili mara nyingine. Bloku ni sawa kabisa.

Mwandishi: Unachezea wapi?

Simba wa Muyeye: Ufuoni

Mwandishi: Jasho na chumvi kwenye kioo. Pangusa kioo na kidole kwa kitambaa kikavu, kisha ujaribu. Ikiendelea, baada ya "subiri hadi kiachie" ongeza kusubiri sekunde 0.05.

Simba wa Muyeye: Imekubali. Na lile faili?

Mwandishi: Situmi.