Jinsi ya kuandika maoni ya vitabu ulivyotoka kuvisoma

Kabla hujaanza kusoma, andika daftarini jina la kitabu, mwandishi, mchapishaji na mwaka wa toleo ulilonalo. Vitabu vikipigwa chapa upya kurasa huhama, kwa hiyo "ukurasa wa 84" bila toleo haumsaidii mtu. Kitabu cha kuazima usikichore. Kata vipande vya karatasi vya upana wa vidole viwili, uvichomeke penye jambo, kila kimoja kikiwa na maneno matatu au manne tu: "mama ananyamaza tena". Kwa riwaya ya kurasa 200, vipande 10 hadi 15 vinatosha. Vikifika 40, umeanza kunakili kitabu.

Siku ya kumaliza, funga kitabu na uandike mistari mitano ya yaliyobaki kichwani. Maoni yenyewe yasubiri siku mbili. Ukiandika papo hapo, sura ya mwisho hufunika nyingine zote. Ukingoja mwezi, unabaki na "kitabu kizuri, kina mafunzo", maneno yanayofaa kitabu chochote na kwa hiyo hayasemi lolote. Maneno 150 hadi 200 yanatosha. Kisa kisizidi sentensi tatu. Nafasi iliyobaki ieleze kitabu kilikugusa wapi, kilikuchosha wapi, na mwandishi alifanya nini hata ikawa hivyo. Kila sifa na kila lawama iwe na ukurasa wake.

Ushairi ndio unaoonewa zaidi, kwa sababu wengi huusoma kimoyomoyo na haraka kama gazeti. Soma shairi kwa sauti mara tatu. Kama ni la kimapokeo, hesabu mizani: mshororo (mstari wa shairi) uliozoeleka una 16, nane za ukwapi, yaani nusu ya kwanza, na nane za utao, nusu ya pili. Hesabu kwa silabi zinazotamkwa, si kwa herufi. "Mtu" ni mizani mbili, m-tu. "Nchi" pia mbili, n-chi. Lakini "ndoto" ni ndo-to, mbili tu. Msomaji asiyeihesabu ile "m" humlaumu mshairi kwa kupungukiwa mizani, kumbe kosa ni lake. Ukihakikisha kwamba mshororo umepungua kweli, tazama kama mshairi amelikata neno ili kina, yaani silabi ya mwisho inayofanana na ya mishororo mingine, kikae, na useme kama maana imeumia.

Mashairi huru yana kipimo kingine. Kichomi cha Euphrase Kezilahabi (1974) hakifungwi na vina, na kukihukumu kwa kukosa vina ni kupima maziwa kwa rula. Hapo tazama mshororo unakatika wapi, na taswira ipi inarudi.

Tamthilia imeandikwa ichezwe. Chagua onyesho moja, msome wawili kwa sauti pamoja na maelezo ya jukwaani, kisha andika ni mhusika gani ungemtambua kwa usemi wake hata jina lake likifichwa. Usiikosoe kwa kutofuata historia kabla ya kujua mwandishi alikusudia nini. Ebrahim Hussein, kwa mfano, alieleza mwenyewe kwamba Kinjeketile wa tamthilia yake ya 1969 ni wa kubuni, ingawa Vita vya Maji Maji ni historia.

Kwenye hadithi za upelelezi, andika ukurasa ulipoanza kumshuku mtu na sababu yake. Ukishamjua mkosaji, rudi utafute dalili tatu zilizowekwa mapema. Usipoziona, mwandishi amekuficha mno, na hiyo ni lawama ya haki. Mkosaji usimtaje kamwe. Wenzako bado hawajasoma.

Tafsiri ina watu wawili wa kupimwa. Peponi (2022) ni riwaya ya Abdulrazak Gurnah, lakini Kiswahili chake ni cha Ida Hadjivayanis, basi mtaje. Weka alama kila sentensi iliyokulazimu kuirudia. Kama ugumu uko kwenye wazo, huenda ni wa mwandishi. Kama ni mpangilio wa maneno ambao Mswahili hasemi, uulize kwa mfasiri.

Na kitabu ulichokiacha njiani kiandikie pia, kwa sentensi mbili: uliishia ukurasa gani, na nini kilikushinda. Hukumu ya kitabu kizima usiitoe.