Jinsi ya kuingiza sahani ya "The Very Thought of You" kwenye kompyuta

Mjomba aliniletea sahani tatu za santuri zilizofungwa kwenye kanga, akitaka kuzisikiliza kwenye simu. Mbili ni taarab. Ya tatu ni ya kampuni ya HMV ya Uingereza, ya mwaka 1934: bendi ya Ray Noble, mwimbaji Al Bowlly, mzaliwa wa Lourenço Marques, Maputo ya leo. Anaimba taratibu, karibu na maikrofoni, kama anayemnong'oneza mpenzi wake. Mnong'ono huo ndio wa kuokoa.

Hatua ya 1. Osha kwa maji ya betri yasiyo na asidi na tone la sabuni ya vyombo. Lebo isilowe. Spiriti usiiguse kabisa: sahani hizi ni za shelaki, aina ya gundi ngumu, na spiriti huiyeyusha.

Hatua ya 2. Funga sindano ya mikroni 76. Ya LP, zile sahani za plastiki zilizokuja baadaye, ni nyembamba mno, hutumbukia chini ya mfereji na kukwangua uchafu.

Hatua ya 3. Kasi ya mizunguko 78 kwa dakika, rekodi kwa biti 24, na usijaze kipimo cha sauti. Acha nafasi juu.

Hatua ya 4. Hapa nilipoteza usiku mbili. Bowlly alisikika kama anaimba nyuma ya mlango, besi imevimba. Nikalaumu sindano, nikaosha sahani upya, wapi! Kosa lilikuwa kwenye mashine. Mashine nyingi za kuchezea sahani zinazochomekwa kwenye kompyuta kwa USB zina kikuza sauti kinachofuata mkunjo wa RIAA, yaani kanuni ya kusawazisha besi na sauti nyembamba, ulioenea kuanzia 1954, ambao hupunguza sauti nyembamba kwa karibu desibeli 14 kwenye herzi 10,000. Hupunguza kwa sababu LP huchongwa sauti hizo zikiwa zimeongezwa kiasi hicho. HMV za miaka ile hazikuongezwa, kwa hiyo mashine inakata kisichozidi, na herufi za Bowlly zinafifia.

Dawa: katika Audacity, programu ya kuhariri sauti, fungua kisawazishi, chagua RIAA, kisha ugeuze mkunjo juu chini. Usishtuke sauti ikitoka kali na yenye mchakacho mwingi, ndivyo inavyotakiwa. Sasa ondoa mikwaruzo, hapahapa, si kabla, kwa kuwa sasa imechongoka na programu inaiona vizuri. Halafu ndipo uinyanyue besi: kuanzia herzi 250 kushuka, desibeli 6 kwa kila oktavo (kila herzi zinapopungua nusu), ukifika 50 uache. Ukiwa na kikuza sauti kisicho na RIAA, kitumie hicho, uepuke kugeuza kote huku.

Kipunguza kelele cha kompyuta sikipendi hata kidogo. Kinameza pumzi ya mwimbaji pamoja na mchakacho, na wimbo huu bila pumzi ile haubaki kitu.

Hatua ya 5. Jumlisha chaneli mbili ziwe mono, yaani chaneli moja. Sauti ya sahani hizi imo kwenye mtikisiko wa kushoto na kulia tu, hivyo kelele za mtikisiko wa juu na chini hufutana zenyewe.

Hatua ya 6. Hifadhi faili mbili za FLAC, aina isiyopunguza ubora wa sauti: ile ghafi ya hatua ya 3, na iliyosafishwa. MP3 ya simu ya mjomba itoke kwenye ya pili.