Somo: Daktari kasema nini hapo? Kunasa neno la kitabibu lisilosikika

Habari zenu wapendwa. Mwaka wangu wa kwanza wa kunukuu imla za madaktari wa Marekani, nilirudishiwa ripoti yenye alama nyekundu. Nilikuwa nimeandika "dysphasia". Mhakiki akauliza: "Huyu mwenye shida ya kuzungumza, mbona anapelekwa kupimwa kumeza?" Kumbe daktari alisema "dysphagia", yaani shida ya kumeza. Herufi moja tu! Na jibu lilikuwepo mistari mitatu juu, nimeliandika mwenyewe kwa mkono wangu.

Hatua ya 1. Usikwame. Pasiposikika acha nafasi wazi, weka dakika na sekunde, songa mbele. Madaktari hurudia maneno. Alilolimeza kwenye historia ya mgonjwa mara nyingi atalitamka vizuri akifika kwenye mpango wa matibabu.

Hatua ya 2. Rudi sasa, punguza kasi kidogo (ukizidisha, daktari anakuwa kama mlevi), kisha sikiliza mkia wa neno. "-ectomy" ni kukata na kuondoa, "-otomy" ni kupasua, "-ostomy" ni kutengeneza tundu. Mkia ukimezwa na kikohozi, sikiliza kinachofuata: akitaja mfuko wa kukusanyia choo tumboni, kuna "colostomy" hapo.

Hatua ya 3. Ukikosa neno kwenye kamusi, badilisha herufi ya mwanzo. Hapa wengi wanakata tamaa bure. Sauti "tosis" haipo kwenye T, ipo kwenye P: "ptosis", kope kulegea. "Zifoid" ipo kwenye X: "xiphoid", ncha ya chini ya mfupa wa kifua. Sauti ya F jaribu PH, sauti ya N jaribu PN.

Hatua ya 4. Dawa. Hapa tukae kidogo. Umesikia "haidro-nini-zini, miligramu 25". Kuna hydroxyzine na kuna hydralazine, na zote mbili zina kidonge cha miligramu 25, kwa hiyo dozi haikusaidii kitu. Uliza: mgonjwa ana nini? Kama anajikuna usiku kucha, ni hydroxyzine. Kama ni presha ya kupanda, hydralazine. Sababu ya dawa ndiyo shahidi wako. Hata wenye viwanda yamewakuta: Marekani kulikuwa na dawa ya tumbo iitwayo Losec, ikichanganywa na Lasix ya kutoa maji mwilini. Mwaka 1990 wakaibadilisha jina ikawa Prilosec, watu wakaanza kuichanganya na Prozac, dawa ya sonona. Kuruka majivu, kukanyaga moto.

Hatua ya 5. Bado hujui? Acha wazi na umwandikie mhakiki kile ulichosikia. Nafasi wazi inamrudisha daktari kwenye faili, lakini neno la kubahatisha linapita kimya kimya. Na tafadhali, pendekezo la kwanza la Google si ushahidi.

MASWALI

Swali, kutoka Kisumu: Mwalimu, 15 na 50 kwa Kiingereza zinanichanganya kila siku. Nifanyeje?

Jibu: Dada, kwanza angalia dawa hiyo inatengenezwa kwa vipimo gani. Kama kidonge cha 15 hakipo, umepata fununu. Vikiwepo vyote viwili, usichague: acha wazi. Namba si mahali pa ujasiri. Alabama kuna mgonjwa aliyeandikiwa insulini yuniti 80 badala ya 8 baada ya imla kunukuliwa vibaya, akafariki. Mwaka 2012 baraza la mahakama likaamuru fidia ya dola milioni 140.

Swali, kutoka Arusha: Na "ileum" na "ilium"? Mimi nasikia neno moja.

Jibu: Ni kweli, zinatamkwa sawa, usilaumu hedifoni. Yenye E ni sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba, yenye I ni mfupa wa nyonga. Kama ripoti ni ya kolonoskopi (kamera ya kuchungulia utumbo), E. Kama mtu kaanguka kwenye ngazi na kapigwa eksirei, I.

Swali, kutoka Mombasa: Samahani mwalimu, naweza kukata kipande cha sauti nikakirusha kwenye grupu la WhatsApp wenzangu wanisaidie?

Jibu: Hapana kaka, hata kama ni sekunde tano. Sauti hiyo ina mgonjwa ndani yake, na tangu 1996 Marekani ina sheria ya HIPAA inayolinda taarifa hizo. Kenya nayo ina sheria yake ya ulinzi wa data ya 2019. Andika silabi ulizosikia na aina ya tatizo, bila jina, tarehe wala umri: "dawa ya presha, inaanza na lo, inaishia na tani". Wenzako watakuambia losartan kabla hujamaliza chai.