Kabla hujafungua seva ya vifurushi vya Linux, panga utakavyotunza matoleo ya zamani

Kama chuo au ofisi yako hapa Nyanda za Juu Kusini inakusudia kuweka seva ya kupakulia vifurushi (faili za kusimikia programu) vya mfumo endeshi wa Linux, ili majirani wasitegemee intaneti ya nje, kuna mambo ya kupanga kabla ya kuwasha mashine. Nunua diski kubwa kuliko unavyodhani. Weka UPS (betri ya akiba), kwa kuwa umeme hukatika mara kwa mara nyakati za mvua.

Jambo la tatu, kutunza matoleo ya zamani, ndilo lililoniumiza. Seva yetu ya Mbeya ilijilinganisha kila usiku na seva mama kwa rsync, programu ya kunakili faili, nami nilikuwa nimeweka chaguo la `--delete`, yaani kinachoondolewa kule kiondoke na huku. CentOS 7, mojawapo ya mifumo ya Linux, ilipofikia mwisho wa kuhudumiwa tarehe 30 Juni 2024, vifurushi vyake vilihamishiwa kwenye ghala la vault.centos.org, na kwetu vikafutika bila mimi kujua. Julai hiyo niliitwa Mafinga na mfanyabiashara wa mbao ambaye diski ya mashine yake ya hesabu ilikuwa imekufa, na programu yake haikukubali mfumo mpya. Nilifungua folda ya CentOS 7 kwenye seva yetu nikakuta faili moja tu ya maelezo. Siku mbili nzima, katika baridi ile, tulivuta vifurushi kimoja kimoja kutoka ghalani kwa bando la simu, huku malori mawili yaliyokwisha kupakiwa yakisubiri ankara.

Kwa hiyo, kila usiku vuta vifurushi kwenye folda mpya yenye tarehe, ukielekeza chaguo la rsync la `--link-dest` kwenye folda ya jana. Faili zisizobadilika hazitachukua nafasi mara mbili. Debian, mfumo mwingine wa Linux, nao huondoa toleo la zamani kwenye seva zao jipya linapoingia, na ingawa snapshot.debian.org inatunza vifurushi vya tangu 2005, usiitegemee peke yake ikiwa intaneti yako inasuasua. Hifadhi faharasa (orodha ya vifurushi) na saini za kuithibitisha pamoja na vifurushi vyenyewe, kwa sababu apt, programu ya Debian ya kusimika vifurushi, hukataa chanzo isichoweza kukihakiki. Kisha jaribu kusimika mashine moja kwa nakala ya mwezi uliopita, kabla hujamwahidi mtu chochote.

Matoleo ya zamani yana matundu ya usalama yasiyozibwa tena, hivyo yatenge mahali ambapo mashine haitayachukua yenyewe. Kagua diski kila wiki, usimpe kila mtu ruhusa ya kufuta, na ukisafiri mwachie nenosiri mtu unayemwamini.