Kuku Wanne Nyuma ya Nyumba: Namna ya Kuomba Ruhusa na Kuitunza

Kabla hujanunua kuku hata mmoja, soma sheria ndogo za eneo lako. Angalia kama kuku wanahesabiwa kuwa mifugo, idadi inayoruhusiwa, na banda linatakiwa kuwa umbali gani kutoka mpakani. Mimi nilitanguliza kuku, nikapewa siku saba za kuwaondoa. Nimewarudisha mwaka mmoja baadaye, kwa ruhusa ya maandishi.

Anza kwa majirani, ofisini utakwenda baadaye. Nilibisha hodi kwenye nyumba zote nne zinazopakana nami, nikauliza swali moja: "Nikifuga kuku, utakerwa na nini?" Walitaja kelele, harufu, panya, na kuku kuparua bustani zao. Niliandika yote daftarini, kisha barua yangu ya maombi ikajibu kero hizo moja moja, pamoja na mchoro wa kiwanja wenye vipimo. Nikaomba muda wa majaribio wa miezi sita, waje kukagua siku yoyote. Usiende kwenye kikao cha kujadili maombi yako kulalamika kwamba mbwa wanabweka usiku kucha na hawaguswi. Nililisema hilo mara ya kwanza, na halikunisaidia chochote.

Kuhusu kelele, usifuge jogoo. Wengi hawajui kwamba mtetea hutaga bila jogoo. Jogoo anahitajika tu ukitaka mayai ya kuangua. Mtetea hutetea dakika chache mchana akishataga, na giza likiingia amenyamaza. Jogoo huwika kabla ya alfajiri, na jirani mwenye mtoto mchanga hatakusamehe. Nunua matembe, yaani kuku jike wachanga, waliokaribia kutaga, maana ukinunua vifaranga wasiobainishwa jinsia, karibu nusu watakuwa majogoo.

Wanne wanatosha. Usifuge mmoja peke yake, kuku hukosa raha bila wenzake. Banda langu lina urefu wa mita 1.5 na upana wa mita 1, na limeunganishwa na uwanja wa mita 2 kwa 3 uliozungushiwa wavu pande zote na juu, kwa hiyo bustani za watu ziko salama. Kila kuku apate sentimita 25 za fito ya kulalia, na fito iwe juu kuliko viota. Ikiwa chini watalala viotani, na asubuhi utaokota mayai yenye kinyesi.

Harufu ndiyo iliyonitesa kuliko yote. Kuku mmoja hutoa zaidi ya gramu 100 za kinyesi kibichi kwa siku, lakini kikiwa kikavu hakisumbui sana. Kikilowa ndipo mtaa mzima unajua. Chombo changu cha maji kilikuwa kikivuja polepole bila mimi kujua, na ndani ya siku chache jirani alikuwa amefunga madirisha yake. Tangu hapo nimekining'iniza usawa wa mgongo wa kuku, sakafuni naweka maranda makavu ya kina cha sentimita 10, na yaliyolowa nayatoa siku hiyo hiyo. Kila asubuhi nakwangua ubao ulio chini ya fito. Kipimo changu ni hiki: inama hadi usawa wa kichwa cha kuku, uvute pumzi. Macho yakiwasha, hiyo ni amonia, gesi kali inayotoka kwenye kinyesi, na kuku wako wanaivuta usiku kucha. Wahurumie.

Kinyesi changanya na majani makavu kwenye pipa lenye mfuniko, kioze kwa miezi kadhaa kabla ya kukipeleka kwenye mboga. Kikiwa kibichi huunguza mimea na hubeba vimelea.

Panya hufuata chakula. Kuku wanne hula kama nusu kilo kwa siku. Mimi hupima asubuhi, na jioni huondoa kilichobaki. Akiba hukaa kwenye pipa la bati. Wavu mwepesi wa matundu ya pembe sita humzuia kuku kutoka, ila haumzuii mnyama kuingia. Tumia waya uliochomelewa wenye matundu ya milimita 12, uufukie sentimita 30 ardhini.

Chanja dhidi ya mdondo (kideri) na urudie kwa ratiba ya daktari wa mifugo. Kuku mgeni mtenge wiki mbili au zaidi. Osha mikono kwa sabuni kila ukiwashika, kwani kuku mwenye afya tele anaweza kubeba salmonela, bakteria wanaoharisha watu. Wakifa kadhaa kwa ghafla, toa taarifa siku hiyo hiyo wala usiwauze waliobaki.

Ruhusa yangu ina tarehe ya kuisha. Mwezi mmoja kabla yake hubisha hodi tena kwenye zile nyumba nne, daftari mkononi, nikauliza swali lile lile.